Tatu, Saba, Saba

Mzani umefika Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
umefungwa kwa kamba ya mkonge nyuma ya pikipiki ya Mhina,
karani wa ghala, ambaye hata salamu hakumaliza:
"Fundi, umekufa. Na Jumamosi watu wanalipwa."

Nimeufungua. Vumbi jeupe la singa,
harufu ya kitu kilichoungua,
mende mmoja mkavu, chali, juu ya fyuzi.
Kasha la umeme ndilo lililokwisha. Walioliunda walifunga kiwanda
mimi nikiwa darasa la tano.
Basi nitalisuka mwenyewe.

Mkono mmoja wa kulisha, vinywa vitatu:
volti tano za ubongo na namba nyekundu,
kumi na mbili za kile kinachohisi uzito,
na kumi na mbili nyingine, hasi, chini ya sifuri,
maana mzani mzuri sharti ujue na kudaiwa.

Kiini cheusi nimekitoa kwenye televisheni ya marehemu shangazi.
Nazungusha shaba, nahesabu kwa sauti;
mwanangu akiuliza chumvi iko wapi namjibu, "Sita."
Tatu kwa tano. Saba kwa kumi na mbili. Saba kwa hasi.
Hizo saba mbili nimezipitisha pamoja, uzi bega kwa bega,
kama mapacha wanaosukwa nywele siku ya Idi,
mmoja akivutwa na mwenziwe alie.

Jioni nikawasha. Zote tatu zikaitika.
Nikamimina kahawa.
Ndipo nikaona.

Mrejesho, ule waya mwembamba unaorudi nyuma kusema
nimeshiba, au bado,
nilikuwa nimeufunga kwenye tano peke yake.
Tano ikilia, mashine inasukuma. Tano ikinyamaza, inasinzia.
Wengine wanakula kinachomwagika.
Na tano hulia kwa kadiri ya namba iliyowaka:
nane ina vijiti saba, moja ina viwili.
Fungu likisoma kumi na moja nukta moja, kumi na mbili yangu inalegea;
likisoma kumi na nane nukta nane, inapanda.
Uzito unaosomwa unausogeza uzito.

Nikampigia Mhina. "Hata zamani ulikuwa unacheza?"
Kimya. Halafu: "Nambecha alikuwa akisema.
Tukamwambia ni mikono yake imechoka."

Namjua Nambecha. Babu yake aliletwa kutoka Newala kukata mkonge,
namba ya bati shingoni,
akaitwa kwa namba hiyo mpaka wakamfukia.

Na mimi ni wa nne kati ya sita,
nyumba ambayo baba alimsikia Rajabu tu.
Rajabu akikohoa, tulikunywa dawa wote.

Nikaukata mrejesho.
Nikaweka rezista mbili, moja kutoka tano, moja kutoka kumi na mbili,
zikutane kwanza, zipatane, ndipo ziseme.
Sasa hakuna anayepata alichotaka sawasawa:
tano imezidi kidogo, kumi na mbili imepungua unywele,
na hakuna anayezimia.
Kwenye hasi nikatundika mzigo wa bandia, rezista inayopasha hewa moto bure;
asiye na mzigo hupanda kichwa.

Mawe ya kupimia niliazima kwa muuza dagaa wa Mgandini.
Kilo tano ikawa tano. Kumi, kumi.
Alfajiri nikalifunga kasha.

Jumamosi nilikwenda nao ghalani.
Nambecha hakuniuliza habari za mizunguko.
Aliweka fungu lake, akaliondoa, akaliweka tena.
Mara tatu. Namba ile ile.
Akajifuta singa kwenye kope, akanitazama:
"Haya. Na kilo zangu za mwaka jana,
zenyewe zinarudi kwa waya gani?"

Mhina akafungua daftari, akalifunga.
Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi.